Ukurasa Tuliouandika kwa Mkono

Stensili ya ukurasa wa sitini na moja ilipasuka Jumatatu, na Jumamosi yake nilikuwa nimealikwa kusoma riwaya yangu katika duka la vitabu la parokia. Mwenye mashine ya kurudufia alinionyesha ile karatasi ya nta ilivyochanika katikati, akafuta wino mikononi, akasema hakuna nyingine Likasi nzima. Nikamwambia Likasi ni kubwa. Nikazunguka siku nzima kwa miguu, kutoka mjini mpaka Panda, kambi ya wafanyakazi, ofisi kwa ofisi, nikiuliza stensili kama mtu anayemtafutia mgonjwa dawa. Kote walinicheka. Viwanda vimelala, watu wanalima mahindi mpaka kandokando ya reli, na huyu mama anatafuta karatasi ya kuchapia hadithi!

Muuza vitabu, mzee mpole asiyependa ugomvi, alinipa shauri lake.

“Mama, ruka tu. Acha ukurasa mweupe. Nani atahesabu?”

Nilimjibu vibaya, na sijaomba msamaha mpaka leo. Riwaya nzima ilikuwa inatembea kuelekea mlango mmoja. Mwanamke wa Panda yuko ndani ya nyumba yake. Jirani anayefukuzwa mji anabisha hodi. Na ni katika ukurasa huo tu ndipo msomaji anajua kama mlango ulifunguliwa. Niuze kitabu bila ukurasa huo? Ningekuwa nimewaalika watu mezani nikawapa mboga bila bukari, ule ugali wetu. Hapana. Nakala zilikuwa themanini. Tungeuandika kwa mkono, mara themanini, na Jumamosi kitabu kingetoka kizima.

Jumatano mama yangu alifika kutoka Panda na beseni la viazi vitamu kichwani. Dada yangu mkubwa, ambaye kwetu tunamwita yaya, alikuwa ameshafika kutoka Mulungwishi, ambako mume wake alifundisha. Walikuja kunitembelea kwa ajili ya sherehe yangu, maskini. Sikuwaacha hata wapumzike. Tulipomaliza kusalimiana nikaweka kalamu tatu za biki mezani na rundo la karatasi.

“Eh!” yaya akapiga kelele. “Minye nilikuya kupumzika, weye unanipatia punition sawa mutoto wa primaire!”

Mama aliicheka hiyo adhabu ya shule ya msingi mpaka akashika ubavu. Alisoma kwa masista, na mwandiko wake ulikuwa wa kupendeza, herufi zimesimama wima, kila moja mahali pake. Yaya alipokubali kuandika nakala ishirini na tano, mama akasema yeye ataandika thelathini. Hakupenda kushindwa na watoto wake. Mimi nikabaki na zilizosalia.

Lazima niseme wazi kwamba ukurasa ule haukuwa wangu kabisa. Mama ndiye aliyenipa. Ule mwaka majirani wenye asili ya mkoa wa Kasai walipofukuzwa, wakalala kwenye kituo cha treni wiki baada ya wiki wakingoja kuondoka, mimi nilikuwa nimetoka kujifungua na sikufika Panda. Niliyoyajua niliyajua kwa mdomo wa mama. Jirani wa ng'ambo ya ua, mwanamke waliyeishi naye karibu miaka ishirini, wakiazimana chumvi na moto wa mbabula, jiko la mkaa, alikuja kuaga siku anahama. Mkononi alishika kichungio cha unga cha mama, alichokuwa amekiazima. Watu wanamfukuza, na yeye anarudisha kichungio! Mama akamfungulia, akamketisha, wakala bukari pamoja, wakalia. Mama aliisimulia habari hiyo kila tulipotembeleana, akaisimulia hata misibani. Kambi nzima iliijua. Watu walisema, yule mama ana moyo. Nami niliichukua kama ilivyo, nikaifanya kuwa ukurasa wa sitini na moja.

Tuliandika Jumatano, tukaandika Alhamisi. Yaya aliandika haraka na kulalamika haraka. Mama aliandika polepole, na kufikia Alhamisi mchana alikuwa amenyamaza kabisa. Nilidhani ni vidole vinamuuma. Mara moja aliinua kichwa, akaweka kidole juu ya mstari.

“Hii mustari, ni lazima?”

“Ni lazima, mama. Andika tu vile iko.”

“Vile iko,” akasema, akainama tena.

Ijumaa tulizishona nakala kwa uzi. Za yaya nilizikagua moja moja, maana yaya huruka maneno. Za mama sikuzigusa. Mama yako humsahihishi kama mwanafunzi.

Jumamosi duka lilijaa. Rafu zilikuwa na katekisimu na atlasi tatu za zamani, basi, lakini watu walikuja, wengine na viti vyao kutoka nyumbani. Wanakwaya walikuja. Kambi ya Panda ilikuja karibu yote, kwa sababu mama alikuwa amewatangazia. Yeye alikaa mbele kabisa na kikwembe chake, kitenge cha Jumapili, mfuko juu ya magoti. Nikachukua nakala ya juu, nikasoma sura ile kuanzia mwanzo, sauti imekaa vizuri, watu wametulia. Nikafunua ukurasa. Mwandiko ulikuwa wa mama.

Mimi ni mwalimu. Macho yangu hutangulia mdomo. Kabla sijatamka neno niliona kilichoandikwa: “Hakufungua. Alikaa chini nyuma ya mlango, akajiziba mdomo kwa mkono. Jirani alimwita mara tatu kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kisha akamsikia akiweka kichungio chini. Akasikia viatu vyake vikienda.”

Nitasema ukweli: kitu cha kwanza kilichonipanda kilikuwa hasira, hasira ya mwandishi. Nani amegusa ukurasa wangu? Hasira ikadumu labda pumzi moja. Ndipo nikaelewa ninachokisoma: hivi ndivyo ilivyokuwa kweli.

Niliujua ukurasa wangu kwa moyo. Ningeweza kuusema wote bila kutazama karatasi, na hakuna ambaye angejua isipokuwa sisi wawili. Nyuma ya mama walikuwa wamekaa watu waliomsifu miaka yote ile. Nikimsoma alivyojiandika, ningemvua nguo mbele yao. Nikamtazama. Alikuwa ananitazama pia, mikono imekaza mfuko. Akanyanyua kidevu kidogo, kama alivyofanya tulipokuwa watoto tukisita kunywa dawa. Soma.

Nikasoma. Nilisoma kila neno.

Nilipomaliza, mwanamke mmoja wa kambini alisimama. “Mama, weye ulitwambiaka ulifungula.”

Mama naye akasimama. “Nilidanganya. Sikufungula. Vijana wa kufukuza watu walikuwa wanapita mu avenue yetu, niliogopa.” Akaketi, akanyoosha kikwembe.

Hakuna aliyepiga makofi. Wengine walitoka bila kitabu. Wachache walinunua wakiangalia chini, nami nikaweka sahihi. Muuza vitabu alianza kupangusa rafu ambazo hazikuwa na vumbi.

Nyumbani nilimuuliza kwa nini hakuniambia mimi kwanza. Alikuwa anamenya viazi, hakusimamisha kisu.

“Kusema na kinywa ni mwepesi, mutoto yangu. Nilisema mpaka nikazoea. Lakini kuandika... Ya kwanza niliandika vile ulitaka. Na ya pili, mpaka ya tano. Ile ya sita mukono ilikataa.” Akatupa kiazi ndani ya sufuria. “Za weye ziko wapi? Na za yaya yako?”

Basi Jumapili baada ya misa tulikaa tena mezani watatu. Tulikata mistari yangu kwa rula na kuandika yake juu, nakala kwa nakala, na zile zake tano za kwanza pia. Safari hii yaya hakulalamika. Jumatatu nilizunguka nyumba za walionunua, biki mkononi. Bwana mmoja alinikatalia mlangoni. Nakala yake ilikuwa ya mwandiko wangu, na alisema, “Acha hii, njo muzuri.” Alitaka mlango ubaki umefunguliwa. Nikakaa kwenye ngazi yake mpaka mke wake akaniletea kitabu. Nilikuwa nimeapa kitabu kitoke kizima, na sasa nilijua ukurasa upi ndio uliokosekana.

Nakala moja mama aliiweka kando. Alikuwa amempata mfanyabiashara wa samaki aliyekuwa anapanda treni Jumanne kwenda Kasai, na mtu huyo alidai anaujua mji ambao jirani alifikia. Alidai tu. Mama hakutaka kusikia mashaka yangu. Nikafunua ukurasa wa mbele niweke sahihi, na nikamuuliza niandike maneno gani.

Akanipokonya biki. Akaandika jina la jirani yake kwa zile herufi zilizosimama wima, kisha akaandika chini yake: “Nilikuwa mu nyumba. Nilikusikia.”