Siku Walipopaka Chokaa Mstari Wetu

Krismasi ikikaribia, wajukuu wangu hapa Tunduma huloweka chokaa kwenye pipa na kupaka kuta za uani. Harufu ile ya jiwe lililolowana ikishanifikia, sina ujanja tena. Naacha kuchambua maharage, nasogeza kigoda karibu na ukuta, nao wananicheka: "Bibi anavuta chokaa yake." Wacheke tu. Wao wanasikia harufu ya sikukuu, mimi namsikia mama yangu akiniita.

Zama hizo za Mwingereza tuliishi Saza, kwenye kambi ya mgodi wa dhahabu, baba akichimba chini ya ardhi. Msidhani kambi ile ilikuwa kijiji. Kwetu Mbebe, tulikotoka, jirani yako yuko mlima wa pili, na ukimhitaji unamwita kwa sauti ya kuvuka bonde. Saza nyumba zilibanana mstari baada ya mstari, hata ukipiga chafya, mtu wa nyumba ya tatu anakwambia "afya!" Juu kilimani walikaa Wazungu na maua yao, chini yao makarani, kisha ghala la posho, kisha kinu cha kuponda mawe, kilichonguruma mchana na usiku. Sisi wa mistari tulikuwa chini ya wote, na vumbi la kinu lilitua juu ya nguo zetu kabla hazijakauka. Palikuwa na Wanyiha, Wanamwanga, Wasafwa, Wanyakyusa, na Wabemba waliovuka mpaka, kila mtu akikitia Kiswahili chumvi ya kwao. Mimi niliipenda kambi ile. Mama hakuipenda.

Kilichomuudhi zaidi ni nyumba kufanana. Mlango mmoja, dirisha moja, ukuta mweupe, basi. "Nyumba isiyo na alama ni ya nani?" alikuwa akisema. Kwa hiyo alichimba udongo mwekundu kando ya mto, akachora mkanda mpana kuuzunguka mlango wetu, kama walivyofanya kwao. Nyapara alinung'unika, mama akamkaribisha viazi, mambo yakaisha. Namba zilikuwepo milangoni, lakini mimi nilikuwa sijaingia shule. Mkanda mwekundu ndio uliokuwa kwetu.

Jambo moja lazima niwaambie kabla sijaendelea. Kwetu mwanamke halii wakati wa kujifungua. Anajikaza, anauma khanga, anashika nguzo, lakini sauti haitoki. Akipiga kelele atachekwa hadi mtoto aote meno, na hata akishaota. Pale kambini makabila yalibishana juu ya kila kitu, namna ya kupika ugali, namna ya kusuka nywele, lakini kwa hilo wanawake wote walikuwa na neno moja.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya posho. Wanawake wote wa mstari wetu walikwenda ghalani na vikapu vyao tangu asubuhi, na mama alibaki kwa sababu tumbo lilikuwa limeshuka. Nilikuwa nacheza mlangoni aliponiita kwa sauti ya chini. Alikuwa ameshika ukingo wa kitanda, jasho limemtiririka.

"Sekela, nenda kamwite Bibi Nanzunda. Mwambie mama anasema ni sasa. Usicheze njiani."

Bibi Nanzunda alikuwa mzee wa Kinyiha kutoka Nanyala, aliyemfuata mwanawe mgodini na kuishia kuwa mkunga wa kambi nzima. Aliishi mstari wa mwisho kabisa, ng'ambo ya kinu. Nilikimbia. Njiani niliwapita vijana wenye ndoo na burashi za katani, wakipaka chokaa mistari ya juu, kwa kuwa mkubwa fulani wa mgodi alikuwa anakuja kukagua. Sikuwajali. Nilikuwa nimetumwa jambo kubwa, na kichwa kilikuwa kimenivimba kwa fahari.

Bibi Nanzunda hakuwa mtu wa kukimbizwa. Alitafuta wembe wake, akatafuta uzi, akatafuta fimbo aliyokuwa ameishika mkononi. Nilipomvuta khanga alisema, "Mwenda pole hajikwai, mjukuu wangu," na kweli hakujikwaa, kwa maana mwendo wake ulikuwa wa kinyonga.

Tulipoukaribia mstari wetu, nilisimama. Sikuona mkanda mwekundu popote. Kila ukuta uling'aa mweupe, chokaa bado mbichi ikichuruzika, na hata namba za milangoni zilikuwa zimefunikwa. Nilisukuma mlango wa kwanza, nikakuta kitanda cha watu. Nikasukuma wa pili, nikakuta kuku. Nikazunguka mstari wa nyuma, nikarudi, nikawa sijui hata nilikuwa nimeanzia wapi.

"Kwenu wapi, mwanangu?" Bibi Nanzunda aliuliza, na safari hii hakuwa anatania.

Nilianza kulia. Niliwaza mama atakufa peke yake ndani ya mojawapo ya nyumba hizi, nami nipo hapa nje na mkunga mkononi. 

Ndipo nikasikia, "Sekelaaa! Sekela weee!" Ilikuwa ile sauti ya Mbebe, sauti ya kuvuka bonde. Ilipita juu ya ngurumo ya kinu, ikanifikia pale niliposimama. Niliifuata mbio.

Tulimkuta mama ameketi ameegemea ukuta, na kichanga kimefungwa kwenye khanga kifuani pake. Bibi Nanzunda akapiga makofi. "Aa! Huyu kazi ameshamaliza. Mimi nimekuja kula uji tu." Akainama kukata kitovu. Mama alinishika kifundo cha mkono, hakuniachia hadi Bibi alipomwambia, "Mwache basi akalete maji." Huyo ndiye mdogo wangu Gwamaka.

Punde wanawake wakarudi na posho zao. Mama Chanda, Mbemba wa nyumba ya jirani, aliingia akiwa ameshika kiuno.

"Mayo we! Mama Sekela, tumekusikia hadi ghalani! Umemwita mtoto mdogo aje akuzalie?"

Wakacheka, na kicheko kilikuwa cha upendo, lakini kilikuwa kicheko. Kijana mmoja wa chokaa alikuwa amefuata ndoo aliyoisahau nje. Akasema kutokea mlangoni, "Lakini sisi tulikuwa tunapaka ukuta huu huu, hatukusikia hata kikohozi."

"Nyie wanaume mtasikia nini?" Mama Chanda akamfukuza. Mama alitabasamu, akamnyonyesha mtoto. Tangu hapo akawa "yule aliyelia", na hata baba alitaniwa mgodini. Sijawahi kumsikia mama akijitetea.

Nami niliamini kama wao. Nilidhani uchungu ulimshinda, akaniita nimsaidie. Nilikua na imani hiyo, nikaolewa nayo huku Tunduma, mpaka nilipojifungua kifungua mimba wangu, mama akiwa pembeni yangu. Nilikuwa nimeuma khanga, na nje jirani alikuwa akifagia. Ufagio ulikwaruza ukuta, shwa, shwa, na maneno ya yule kijana wa ndoo yakanirudia. Kama mama angelia kwa uchungu, wapaka chokaa wangemsikia walipokuwa pale ukutani, kabla ya ile sauti iliyoniita.

Mtoto alipokwisha kulala, nilimuuliza. Hakushangaa.

"Niliisikia burashi ikipanda na kushuka ukutani," alisema. "Nikajua wanafuta alama yetu, na wewe unarudi, hutapaona kwenu. Sikuweza kufungua mdomo, Gwamaka alikuwa njiani. Alipotoka tu, pumzi ya kwanza niliyoipata nikakuita nayo."

"Mbona hukuwaambia, mama? Wamekucheka miaka yote ile!"

"Ningewaambia nini? Kwamba mwanangu amepotea mlangoni kwao? Wangekucheka wewe. Ulikuwa mdogo, ungeumia." Akamchukua mtoto mikononi mwangu, akamweka begani. "Mimi nilikuwa mtu mzima. Wacha wanicheke."