Orodha ya marehemu imenifikia

Leo nimeitika "nipo" kwenye dua ya marehemu. Msinicheke kwanza.

Sisi mabalozi wastaafu wa hapa Tanga tuna desturi. Majina ya marehemu wetu husomwa kwa kufuata nani alitangulia kupelekwa nje kuwa balozi. Mimi ni wa miaka ile ya foleni za sukari.

Leo lilipotajwa jina la Mzee Kombo, tuliyemzika juzi, ndipo nikagundua wote walionitangulia wamekwisha.

Anayefuata ni mimi.

Msomaji akageuza karatasi.

Mdomo ukasema wenyewe, "Nipo."

Hakucheka mtu.

Bi Saumu, aliyepelekwa nje mwaka mmoja baada yangu, akaning'ang'ania mkono.

"Kaka, usiondoke. Baada yako ni mimi."