Nilivyotoa tango mbele ya sinia la wakwe Jang'ombe

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Ninayoandika yamenikuta jana mchana na sijaongeza chumvi. Hata chumvi yenyewe sili.

Mimi ni mtu wa raw food. Matunda, mboga mbichi, korosho ambazo hazijakaangwa, basi. Nilianza kwa ajili ya magoti na kitambi, vyote vikaniachia, na tangu hapo nimekuwa mbishi hata harusini naenda na karoti zangu.

Juzi nilivuka kwenda Unguja na baba mdogo kupeleka posa. Mchumba wangu Rukia tulikutana Dar kazini, lakini kwao ni Jang'ombe.

Mji Mkongwe haukunisumbua hata kidogo. Jana asubuhi nilipita sokoni Darajani nikajaza mfuko: ndizi, matango, karoti, shokishoki. Baba mdogo alikuwa anakunywa urojo pembeni, mimi namwonea huruma.

Rukia alinionya kwenye simu. "Ukifika kwetu ule, japo matonge mawili. Usije na mambo yako ya karoti."

Nikamwambia nitawaeleza, ni watu wazima, wataelewa.

Sasa huku posa haizungumzwi na njaa. Kwanza linaletwa sinia, wanaume mnalizunguka, mnakula kwa mkono, ndipo maneno yafuate. Likaja sinia la pilau ya nyama. Mzee Haji, mjomba wake Rukia na msemaji wa familia, akatukaribisha, akasema bismillahi.

Mimi nikafungua mfuko nikatoa tango.

Msinitukane, najua. Nilidhani nikitafuna pamoja nao wataona sijadharau. Mzee Haji alinitazama, akalitazama tango, akatoa mkono kwenye sinia. Wengine nao wakatoa. Baba mdogo aliendelea kutafuna peke yake mpaka naye akashtuka.

"Chakula kina kasoro?" mzee akauliza.

"Hapana mzee wangu. Mimi sili vilivyopikwa. Ni mambo ya afya tu."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Haya," akasema, akaanza kujifuta mkono.

Nikaliweka tango chini wakuu. Ndipo nikaelewa nimefanya nini. Mtu wa bara anavuka maji, anaingia nyumba ya watu, anakataa chakula chao halafu anatoa chake mfukoni. Hapo tafsiri ni moja: anaogopa kulishwa kitu. Sisi bara tunavyopenda kuvumisha uchawi wa visiwani, wenyewe wanajua vizuri tunawasema vipi. Na mimi uchawi sikuuwaza hata kidogo, Mungu shahidi wangu.

Nikafungua mdomo nijieleze. Pazia la ndani likasogea, akatoka Bi Zuwena, mama yake Rukia.

Kwao mama mkwe hali sinia moja na mkwe. Hata kutazamana ni kwa haya. Yule mama alikuja akakaa chini upande wangu, akanawa, akachota tonge pale pale mbele yangu akala. Akachukua kipande cha nyama, akala. Akanywa maji kwenye bilauri yangu. Wanaume wote wameinamisha vichwa.

"Mwanangu, mie nshakula," akasema taratibu. "Hamna kitu humu. Mchele na nyama tu."

Hakuwa na hasira. Afadhali angenifokea.

Nilikula. Nilikula haraka, pilau ikanipalia, machozi yakanitoka. Nyuma ya pazia nikamsikia Rukia naye analia.

Baada ya kunawa baba mdogo akajikaza, akaanza maneno ya posa. Mzee Haji akamgeukia dada yake. Bi Zuwena akajibu yeye.

"Jawabu leo hatuna. Huyu kala kwa khofu. Siku atakayokula kwa njaa, aje tuzungumze."

Tukaaga. Gesti yetu iko Mlandege, na njia nzima baba mdogo alinitangulia kama hanijui. Alipofika chumbani akasema neno moja: "Tango." Rukia naye hapokei simu. Nikajua nimeshamkosa, na nimemkosa kwa upuuzi.

Leo asubuhi ndiyo ikaingia meseji yake.

"Mama kasema uje. Lakini hajabandika sufuria. Anakungoja ufike, ukae jikoni, uone kila kinachotiwa."

Nimelia, sifichi. Jikoni ndiko kwenye faragha ya wanawake wa nyumba ile, na yuko tayari kuniweka huko, mkwe mwanamume, nimkague anavyokatakata vitunguu. Bado anaamini namwogopa.

Nilichojifunza ni hiki: ukitaka kushika dayati safarini, shika barabarani, shika gesti. Ukifika kwa watu, kwanza jiulize sahani unayoirudisha inawaambia nini waliokupikia. Wao hawaisomi kwa vitamini.

Sijatia kitu mdomoni tangu jana na korosho zangu nimempa mlinzi wa gesti. Ndiyo nafunga viatu.

Waliooa Unguja nisaidieni haraka: nikifika nimwombe msamaha kwanza, au niombe kisu nimsaidie vitunguu? Maana nikikaa pale nikamtazama tu anapika, nitakuwa nimemwita mchawi mara ya pili.