Ngazi Ambayo Dada Hakuipanda

Dada yangu ni mkurugenzi mkuu wa kampuni ya bima, na ni mwoga kuliko watu wote ninaowajua. Akija kwangu hukimbilia jikoni kwanza kukagua mtungi wa gesi, ndipo anikumbuke mimi mdogo wake. Miaka nenda miaka rudi tumemtania kwamba woga ndio uliompandisha cheo. Alianza kama mkaguzi wa majengo, na tochi yake na futi, soli za viatu zikaisha; akawa mkuu wa madai, mwisho akapewa ofisi yenye zulia.

Jumanne moja asubuhi akanipigia simu.

"Njoo na gari lako. Dereva wangu sitaki ajue."

Garini akanieleza. Mezani kwake lilikuwa limefika faili la kuhuisha bima ya jengo la ghorofa nne. Ripoti ya ukaguzi ilisema, "Ngazi ya dharura ya nyuma iko wazi, nimeipanda hadi juu." Maneno hayo aliyaandika yeye, miaka ishirini na miwili iliyopita, jengo likiwa bado ghala. Siku ile njaa ilimuuma, mlinzi akamwambia ngazi ni nzima, naye akaandika bila kupanda. Tangu hapo kila mkaguzi alinakili ripoti ya mwaka uliotangulia, akabadilisha tarehe, basi. Sasa jengo ni chuo cha ushonaji, na ghorofa ya nne, tangu mwezi uliopita, anasoma binti yake.

"Si ungempigia tu mtoto atoke?"

"Nimwambie nini? Kwamba mama yake aliandika uongo?"

Nilikasirika, nilitaka kumgombeza, lakini nikakanyaga mafuta.

Chuoni tulipanda kwa ngazi ile ya nyuma. Ghorofa ya pili marobota ya vitambaa yalibana njia, tukapita ubavu ubavu. Ya tatu ilikuwa giza tupu. Mbele yangu nilimsikia dada akihema. Juu kabisa hapakuwa na mlango. Palikuwa na ukuta wa matofali, lipu yake imeshachakaa, na nyuma yake cherehani zikinguruma. Dada aliupiga kwa viganja vyote viwili, akimwita mwanawe. Hakuna aliyesikia.

Tukashuka mbio, tukazungukia mbele, akaamuru wote watoke. Wanafunzi walijaa uani, binti yake miongoni mwao, pini zimechomekwa kwenye kola. Alikuja akamshika mama yake mkono.

Mkuu wa chuo alifoka. "Mama, unawatisha watoto bure! Kampuni yenu wenyewe ndiyo iliyotuambia tuko salama. Kila mwaka mnatuandikia!"

Dada angeweza kunyamaza.

"Niliyeandika ni mimi," alisema. "Sikupanda."

Binti yake akamtazama, kisha akatazama madirisha ya ghorofa ya nne. Akauachia mkono wa mama yake.