Kampuni Haishikwi na Homa

Mwanangu, mkutano ule wa Koboko haujanitoka kichwani, wala sitaki unitoke. Nilikuwa msichana mwenye sauti, nimekodiwa na kampuni moja ya kununua simsim, yaani ufuta, yenye ofisi Arua, niwatafsirie wakulima maneno ya meneja. Ndiyo desturi yetu huku kaskazini mwa Uganda: mkubwa anasema Kiingereza, kijana anasimama kando yake anayageuza Kiswahili.

Meneja akasema kampuni ina homa, damu imepungua, waiache ipumzike msimu mmoja. Nikatafsiri vilevile, tena kwa huruma ya kumliza mtu. Na watu wakafanya tunachofanyiana siku zote, maana kwetu mgonjwa hadaiwi. Waliokuja kudai malipo ya simsim yao wakakaa chini, wakatoa pole. Mzee mmoja, Mungu amrehemu, akaahidi hata kuku wa supu.

Akainuka Mama Poni, mjane, magunia yake yako stoo na watoto wake wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Mama huyo hakumtazama meneja. Alinitazama mimi, akaniuliza:

"Wewe binti, hii homa ya kampuni wewe naona? Mutu mugonjwa sisi naenda kuona. Iko kitanda gani?"

Niliona haya, kisha nikapandwa na hasira. Nikamuuliza meneja waziwazi: pesa ziko au haziko? Akaanza habari za mawingu na jua litakalochomoza. Nikamkatiza. Akaninong'oneza kwamba haziko, na simsim ile itauzwa kulipa deni la benki, ila nisiwaambie. Nikawaambia, kwa sauti iliyofika mpaka kwa vijana wa boda barabarani.

Hakuna aliyepigwa. Mama Poni aliwaongoza watu hadi stoo, wakakaa mlangoni mpaka ukafunguliwa, kila mtu akabeba magunia yake. Mimi nikafukuzwa palepale, nikarudi Arua kwa nauli ya kuchangiwa. Sijuti hata chembe.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Meneja yule alitangaza maradhi ili afiche kifo! Basi wewe unayekwenda kuwaandikia wakubwa taarifa zao, maneno ya mapambo yapeleke harusini. Pesa za watu zitaje kama zilivyo. Wakikuambia biashara imelala, uliza nani aliyeilaza, na usikae chini mpaka ujibiwe. Wakikufukuza, njoo nyumbani kichwa juu, ugali wa muhogo upo. Mungu autie ulimi wako nguvu, na akunyime kila mkate unaolipiwa kwa kunyamaza.