Ubao wa Kifaransa

Iko siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka, mwanangu, na leo nitakusimulia kwa hasira, maana hasira yenyewe mmeniamshia ninyi. Jana nilikuwa mlangoni pangu hapa Butembo, mnatoka shule na sare nilizozishona kwa mikono hii, mkamzunguka yule msichana mgeni aliyekimbia vita kutoka Mbau. Mlimwiga Kifaransa chake. Mlicheka hadi akajifunika uso kwa daftari. Wewe ulikuwa mbele, usikatae, nilikuona.

Basi sikiliza. Mimi pia nilisoma shule ya Wakatoliki, ya wasichana peke yao. Asubuhi tulisoma hesabu na Kifaransa, mchana ushonaji na upishi. Na kulikuwa na ubao. Ukikamatwa unaongea Kinande, lugha yetu ya nyumbani, unavishwa ubao huo shingoni kwa kamba, kisha unatega masikio hadi umnase mwenzako, umvishe yeye. Jioni ukikutwa nao bado, unasugua vyoo vyote peke yako. Sijui ni nani aliyebuni shetani huyo. Tulikuwa tunapelelezana sisi kwa sisi, na tukaambiwa hiyo ni adabu.

Siku hiyo ubao ulikuwa shingoni mwangu tangu asubuhi. Kwenye mashini ya kushonea ya pembeni yangu alikaa Kahindo wa kijiji cha Mutwanga, rafiki yangu wa kula naye sahani moja. Darasani hakuna aliyemfikia kwa ushonaji. Alikwisha kumwahidi mamaake kwamba akimaliza atafungua atelie yake, chumba cha kushonea watu nguo, kijijini. Kilichomshinda ni Kifaransa tu.

Alikuwa anapachika mkono wa gauni sindano ikamchoma kidole, ikatokea upande wa pili. Akanaswa pale pale. Akanililia kwa Kinande nilizungushe gurudumu la mashini yake polepole, sindano ipande. Ningefanya hivyo tu, mwanangu, yangekwisha. Mimi nikavua ubao nikamvisha. Na nilikuwa nacheka! Kahindo akashtuka, akavuta mkono, sindano ikakatikia ndani.

Mama Katungu, mwalimu wetu wa ushonaji, alinishika bega akanitikisa.

— Weye uko mutu wa namna gani? Mwenzako anatoka damu, na weye unamuvalisha ubao!

— Mais lakini, Mama, ameongea Kinande, nikajibu.

— Mutu akiumia anaita na luga ya mama yake! Ulitaka alie mu français? Angoje kwanza atafute verbe, atafute neno?

Akauvunja ule ubao kwa goti lake mbele ya darasa zima. Lakini maji yalikwisha kumwagika. Kidole kilivimba, kikatunga usaha, na kilipopona hakikukunjika tena. Kahindo alirudi kwao kabla ya mwaka kwisha, na ile atelie haikufunguliwa.

Mimi nilihitimu, diploma ninayo. Miaka mingi baadaye nilipanda pikipiki hadi Mutwanga kumwomba msamaha. Nilimkuta shambani anapalilia mihogo. Alinipa pa kukaa, akanisikiliza, akaningoja nimalize kulia.

— Miye nilikusamehe zamani, akasema. Kidole njo bado kukusamehe.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu nimezeeka naye.

Kwa hiyo usiniambie eti mlikuwa mnacheza. Shika sana Kifaransa, shika sindano, shika sufuria, vyote vina faida. Lakini ukivijua vyote na humwoni mwenzako akiumia, wewe ni mjinga aliyevaa sare safi. Usimcheke anayejifunza. Hujafa hujaumbika, na vita vilivyomtoa yule mtoto Mbau havikumuuliza anajua lugha gani. Leo hakuja shule. Nimetuma mtu kwao, na msichana mwenyewe amesema harudi tena. Unasikia? Harudi, kwa sababu ya kicheko chako! Mimi nilimfuata rafiki yangu nikiwa nimechelewa miaka. Wewe umechelewa siku moja. Inuka sasa hivi, nenda kwao, umwombe radhi mbele ya mamaake, umshike mkono umrudishe darasani.

Mungu akupe mikono yenye ufundi na ulimi wenye huruma. Akulinde njiani, na mlango wa kwao ufunguke ukibisha. Baraka zangu nimekuwekea, mwanangu. Njooni mzichukue mkiwa wawili.