Siri ya Mwalimu Ansberto

Harufu ya rasta zikichovywa kwenye maji ya moto hadi leo hunifanya nisimame, hata kama ndiyo kwanza nimeketi. Nilikuwa na miaka tisa, na mama alikuwa msusi katika saluni moja katikati ya Durban, ghorofa ya pili, juu ya kituo cha teksi. Jumapili baada ya ibada alinisuka mimi, saa nne nzima, nami sikuwa mtoto wa kukaa. Miguu iliniwasha, shingo iliniwasha, nilitaka kujua nani anapiga honi kule chini. "Tulia, kichwa iko huku," mama aliniambia, akinivuta sikio kidogo. Ndipo akamtunga Mwalimu Ansberto ili anibakize kitini.

Ansberto alikuwa tabibu wa mitishamba na mwanaalkemia wa zama za kati, huko Ulaya kwenye baridi, aliyechemsha madini ya risasi akitafuta dhahabu. Dhahabu hakuipata. Alichopata ni viumbe: mjusi mwenye mioyo miwili, ndege aliyelala ndani ya jiko linalowaka, samaki mwenye ndevu aliyepanda ngazi kuja kuomba dawa ya kikohozi. Aliwapima, akawachora, akaandika kila kitu katika kitabu kikubwa isipokuwa jani alilowatibu nalo. Mfalme alimuuliza, akakataa. Askofu naye alimuuliza, akakataa. Dawa ikitajwa, mama alisema, nguvu yake inakimbia. Niliamini hayo kuliko mahubiri ya asubuhi, Mungu anisamehe.

Mwaka ule miguu ya mama ilianza kuvimba. Kliniki walimpa vidonge vya presha, lakini imani yake ilikuwa kwenye mzizi mmoja mtamu alioununua sokoni kwa wauza dawa za miti, akauchemsha kila asubuhi na kunywa bakuli zima. Siku ya kurudi kliniki nilikosa shule ili niwe mkalimani wake, kama watoto wengi wa Kikongo tulivyokuwa, maana Kiingereza kilikuwa bado hakijampanda. Tulikaa kwenye benchi tangu alfajiri. Nilizunguka ukumbi mpaka mlinzi akanichoka. Nesi alipompima presha alikunja uso, akaniuliza mimi: je, kuna dawa ya miti mama anakunywa nyumbani? Mama alinitazama, akingoja nimfasirie. Nilimwona Ansberto mbele ya mfalme, nikajibu hapana, tena kwa fahari. Mama aliponiuliza nesi amesema nini, nilimwambia anataka kujua kama unakula chumvi nyingi. "Mwambie kidogo tu," akasema.

Wiki mbili hazikuisha, akaanguka saluni na kitana mkononi. Hospitalini daktari aliuliza swali lile lile, nami safari hii niliropoka yote kwa Kiingereza huku nalia. Akasema mzizi ule ndio uliokuwa ukipandisha presha. Mficha maradhi, kifo humuumbua, wahenga walisema. Lakini maradhi hayakuwa yangu, na aliyeficha ni mimi. Mama alipona, ila vidole vya mkono wa kushoto havikurudia wepesi wake. Hakusuka tena, na Ansberto hatukumtaja tena.

Sasa nafanya kazi katika ofisi ya meli bandarini, na mama anauza vifuniko vya simu na kugombana na wateja kwa Kizulu kilichonyooka. Hahitaji mkalimani. Mimi ndiye nisiyetulia: kila akienda kliniki naomba ruhusa kazini nimsindikize, kisha natembea ukumbini kama zamani. Mwezi uliopita alikaa karibu na mwanamke mgeni kutoka Bukavu, aliyekuja na binti yake mdogo kumfasiria. "Uwaeleze yote, dada," mama akamwambia. "Mimi ule nesi hakuniulizaka kitu juu ya dawa ya miti, ndiyo maana mukono yangu iko hivi. Uliza huyu, alikuwako."

Mwanamke akanigeukia, na binti yake pia. Nikasema ni kweli, hakuuliza. Safari hii sikuwa na miaka tisa.